Kamari na Jina Lake la Heshima

Katika mwaka 2003 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ambayo kwa Kiswahili huitwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na kwa sheria hiyo ikaundwa bodi yenye jina hilo hilo. Jambo lililojulikana tangu zamani kwa jina la kamari liliingia kwa mlango mmoja wa sheria likatokea kwa mlango wa pili likiitwa mchezo. Hapakuwa na kilio. Magazeti yalilipokea jina hilo, redio ikalisoma, wafasiri wakalitia katika madaftari yao, na leo kijana aliyezaliwa mwaka ule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura, huenda asijue kuwa vitu hivyo viwili ni kimoja.

Kamari ni neno lililotoka Uarabuni, na lilipofika pwani halikuja peke yake. Lilifuatana na lawama yake. Alitamkaye hawezi kulitamka kwa sauti ya kusifu. Mtu akiitwa mcheza kamari ametukanwa, hata kama aliyemwita alikuwa akieleza habari tu. Sasa yatazamwe maneno mawili yaliyowekwa mahali pake. Mchezo ni wa watoto, ni wa mpira, ni wa bao chini ya mwembe. Ni jambo ambalo mtu huliingia mzima akatoka mzima. Kubahatisha ni kazi ya mwanafunzi aliyesahau jibu: hufumba macho, huweka alama mahali, na akikosea hakuna mtu anayetajirika kwa kukosea kwake. Maneno mawili yasiyo na hatia yameunganishwa yapate kulibeba jambo lenye hatia, kama watoto wawili wanaotumwa kubeba mzigo wa magendo kwa kuwa askari hatawapekua.

Walakini neno la kale halikufa. Limebakizwa kwa ajili ya maskini. Vijana wanne wakikutwa na karata chini ya mkorosho, na shilingi zao chache juu ya gunia, watakamatwa kwa kosa la kucheza kamari, na gazeti litaandika hivyo hivyo. Mwenye mali akiweka mashine yenye taa katika ukumbi wa baa, na karatasi ya leseni ukutani, waiendeao mashine hiyo watasemwa kuwa wanashiriki katika michezo ya kubahatisha. Tendo ni lile lile. Kilichozidi ni leseni. Sheria ina haki ya kutenga chenye kibali na kisicho na kibali. Hufanya hivyo kwa pombe na kwa bunduki pia. Lakini bunduki yenye kibali bado huitwa bunduki.

Atakaye kuiona kazi ya jina hili asitazame mahoteli makubwa ya Dar es Salaam, ambako wengi wa wachezaji ni watu wa kipato wanaoweza kupoteza na kesho yake wakanywa chai. Na atazame kusini, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wakati wa korosho. Huko fedha haiji kama mshahara, kidogo kidogo kila mwezi. Huja kwa muda mfupi baada ya miezi mingi ya ukavu. Mkulima wa Chunyu hupalilia, hupogoa, hutafuta salfa ya kupambana na ubwiri unga, huokota, huanika, huchambua, kisha huzipeleka korosho zake katika chama cha msingi. Na chama huzipeleka ghalani kwa utaratibu wa stakabadhi ulioanza katika zao hilo mwaka 2007. Baada ya hapo huja mnada wa chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeshonwa kwa herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Baada ya mnada, kungoja. Msimu wa 2018 uliwafundisha watu maana ya kungoja: wakulima waliikataa bei ya wanunuzi, na mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuwa itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wako waliokaa miezi mingi kabla ya kuona malipo. Siku fedha itokapo huwa ni fedha ya mwaka mzima katika mfuko mmoja: ada ya shule, mabati, deni la dukani, mahari, dawa ya mwakani. (Chunyu, katika Kiswahili cha pwani, ni ile chumvi ibakiayo juu ya ngozi mtu akishatoka baharini na maji yakamkaukia. Mtani akitaka kuieleza fedha ya korosho wiki mbili baada ya malipo, hana haja ya kutafuta neno jingine.)

Mwenye fedha hiyo huja mjini kwa kuwa benki iko mjini. Hulala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu kwa kuwa gari la kurudi limeondoka, au kwa kuwa ana vitu vya kununua asubuhi. Nyumba ya namna hii hupatikana katika miji mingi midogo ya Tanzania Bara, si kusini peke yake, na ni rahisi kuitambua: daima imo katika ukarabati. Mbele ya mlango pana rundo la mchanga na rundo la kokoto. Nondo zimechomoza juu zikiingoja ghorofa ambayo mwenye nyumba ameiahidi. Chumba kimepakwa rangi ukuta mmoja, na kuta tatu zinangoja. Bafuni mna koki lakini hamna maji. Maji yamo katika ndoo. Kitasa hakishiki, basi mgeni huegemeza kiti mlangoni kabla ya kulala, na fedha yake huiweka chini ya mto. Akiuliza huambiwa kwa upole, “Tuvumiliane, mzee, tunakarabati.” Naye kwa kuwa ni mtu wa adabu huvumilia.

Lakini ukumbini, katika pembe ya baa, kipo kitu kisichokarabatiwa. Ni mashine ya kutia sarafu, ambayo wengine huiita dubwi na wengine bonanza. Kioo chake hakina ufa. Taa zake hazijaungua hata moja. Ikigoma leo, fundi wake hufika leo, na fundi wa bomba hufika mwezi ujao. Katika nyumba nzima hicho ndicho kitu pekee kilichokamilika. Mgeni aliyekosa maji, kitasa na usingizi hatakosa tundu la kutilia sarafu. Tena ukarabati wenyewe ni msaidizi wa mwenye mashine, kwa kuwa mtu hawezi kukaa katika chumba chenye harufu ya rangi mbichi na vumbi la saruji. Hutoka akakae ukumbini, na ukumbini hakuna la kufanya ila kunywa na kutia sarafu. Nyumba ambayo ingempa mgeni wake pumziko ingemlaza saa tatu. Nyumba hii humkesha.

Mpango huu haukubuniwa Ruangwa. Katika jimbo la Nevada, Marekani, ambako kamari ilihalalishwa mwaka 1931, wenye mahoteli walijifunza mapema kwamba chumba rahisi na chakula rahisi ni chambo. Hasara ya kitanda hulipwa na meza. Na huko Monaco, ambako nyumba ya kamari ya Monte Carlo ilistawishwa na François Blanc tangu 1863, watawala walikuwa na hekima ya aina yake: waliwakataza raia wao wenyewe wasicheze humo. Walikijua walichokuwa nacho. Walikiweka kwa ajili ya matajiri wa nchi nyingine, wakafaidi mapato yake, wakawafungia mlango watoto wao. Mashine ya mji mdogo wa Tanzania hufanya kinyume cha hayo. Haimngoji tajiri wa Urusi. Humngoja mwenyeji, na siku ya kumngoja inajulikana, maana ni siku ya malipo ya korosho.

Hapa ndipo neno kubahatisha linapoacha kuwa pambo na kuwa uwongo. Nani anabahatisha? Mwenye mashine habahatishi. Na litazamwe gurudumu la ruleti la Ulaya, lenye nafasi 37, yaani sifuri hadi 36. Mtu akiweka shilingi 1,000 juu ya kila nafasi, ametoa 37,000. Nafasi moja haina budi kushinda, naye kwa nafasi hiyo hulipwa mara 35 na kurudishiwa dau lake, jumla 36,000. Ameizingira bahati pande zote, hakuna tukio lisilokuwa lake, na bado ameacha shilingi 1,000 mezani. Hiyo haiwezi kuitwa bahati mbaya. Ni bei ya kuketi. Mashine ya sarafu ni kali zaidi kwa kuwa hesabu yake imefichwa ndani ya sanduku. Tuseme imepangwa kurudisha, kwa wastani, shilingi 90 katika kila 100. Mchezaji hujiambia: nitapoteza kumi katika mia, si neno, ni gharama ya starehe. Asichokitambua ni kwamba hatii mara moja. Kile kilichorudi hukitia tena. Aliyeanza na shilingi 100,000, akaizungusha yote mara kumi, kwa wastani hubakia na 35,000 hivi. Akiizungusha mara ishirini, hubakia na 12,000. Hakuna aliyevunja kufuli wala aliyemtia mtu mkono mfukoni. Kila mzunguko ulikuwa halali, na mwisho wa mizunguko halali mkulima hana mabati.

Watu wa mitaani wanalijua jambo hili kuliko wafasiri wao. Hawasemi kuwa wamekosa bahati, husema, “Nimeliwa.” Husema, “Mashine imekula.” Ule ulaghai wa karata tatu unaochezwa penye vituo vya mabasi waliuita pata potea, na hilo ni jina la haki, kwa kuwa limeiweka potea wazi mbele ya kila mtu. Wenye kubeti mpira huiita karatasi yao mkeka, na timu moja ikiharibu husema mkeka umechanika. Mkeka! Kitu ambacho mwanamke wa Kimwera au wa Kimakonde hukishona ukili kwa ukili siku nyingi, kipate kulaliwa miaka, leo ni jina la karatasi ichanikayo Jumamosi jioni. Hata hivyo katika mzaha huo mna unyofu. Aliyesema mkeka umechanika amekiri kuwa alikuwa na kitu na sasa hana. Katika istilahi za ofisi kukiri huko hakumo. Mna mchezaji, mna mshindi, mna zawadi, na aliyepoteza hakutengenezewa neno.

Wako wasemao kwamba kilimo nacho ni kamari, kwa kuwa mkulima huweka mbegu ardhini bila kuijua mvua, basi mtu aliyezoea shamba mashine itamdhuru nini? Mahali pa kuwajibia ni Nachingwea penyewe, maana mji huo ulikuzwa na kamari kubwa kuliko zote zilizopata kuchezwa juu ya ardhi ya Tanganyika. Katika mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mitambo, kwa sababu baada ya vita Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache, ukarudi na pendekezo la eka zaidi ya milioni tatu kwa gharama ya pauni kama milioni 25. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakavunjikia katika visiki, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikafanya itakavyo. Reli ikajengwa kutoka hori la Lindi kwenda Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikaanza kujengwa Mtwara, vyote kwa ajili ya karanga ambazo hazikutosha kulijaza behewa lake. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikaandikwa pauni kama milioni 36. Reli ile nayo iling'olewa katika miaka ya 1960.

Huko London hakuna aliyeiita kamari. Iliitwa mpango. Wakubwa walitia fedha isiyo yao juu ya udongo wasioupima, na jina la heshima liliwatangulia kila mahali kama mpiga tarumbeta. Katika hilo mashine ya baa na mpango wa karanga ni ndugu. Lakini hapo undugu unakwisha, na anayetaka kukifananisha kilimo na kamari na aone unapokwishia. Karanga ziliposhindwa, hakuna aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza akizipokea zile pauni milioni 36 kwa kuwa zimepotea. Ukame hauna hisa. Ubwiri unga ukila maua ya mikorosho, hakuna kampuni ya ubwiri unga inayogawana faida mwisho wa mwaka. Mkulima hupambana na asili isiyomtakia mema wala mabaya, na akishindwa hubakia na shamba, jembe na maarifa ya mwaka mmoja zaidi. Hata ule mpango wa karanga, pamoja na aibu yake yote, uliacha bandari ya Mtwara, ambayo mpaka leo hupakia korosho. Kamari ni jambo jingine, kwa sababu ndani yake yupo mtu ambaye riziki yake ni kupoteza kwa mwenzake, na kila kitu alichokiweka ukumbini, taa, muziki, kiti, bia ya baridi, amekiweka kwa ajili ya kupoteza huko.

Palipo na mtu wa namna hiyo ndani ya kilimo, watu wa kusini wamemtambua na kumpa jina. Anunuaye korosho kwa kipimo cha magendo, mara nyingi kabla ya mavuno, wakati mkulima ana njaa na mtoto amefukuzwa shule, biashara yake huitwa kangomba, nayo Serikali huipiga vita kila msimu. Hakuna mfasiri aliyependekeza iitwe mchezo wa kununua mapema.

Husemwa pia kwamba mtu mzima ana hiari na mali yake, na kwamba sheria imewakataza walio chini ya miaka 18. Na iwe hivyo. Lakini hiari hutaka jina la kweli. Aliyeuziwa kitu kwa jina la kitu kingine hakuchagua. Mwaka ule ule wa 2003 Bunge lilitunga na sheria ya bidhaa za tumbaku, na mvutaji hukuta onyo juu ya pakiti yake. Anaruhusiwa kuvuta, ila haambiwi kuwa ni mchezo wa moshi. Na kuhusu mapato, ambayo ndiyo hoja isemwayo kwa sauti ya chini lakini yenye uzito kuliko zote, yatosha kusema kwamba ushuru wa korosho huongezeka mkulima akivuna zaidi, na kodi ya kamari huongezeka akipoteza zaidi. Serikali ikishazoea chakula hicho si rahisi iamke mezani. Uganda ilijaribu: mwezi wa Januari 2019 ilitangazwa kuwa Rais Museveni ameagiza leseni mpya za makampuni ya kubeti zisitolewe, kwa ajili ya kuwanusuru vijana. Waziri aliyeisoma habari hiyo, kwa kejeli ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuitunga, aliitwa Bahati.

Yote haya yangekuwa shauri la wanasiasa kama si mchango wa wasomi. Katika mwaka 2017 Simba na Yanga, ambazo hazipatani hata juu ya hali ya hewa, zilipatana kuvaa vifuani jina la kampuni moja ya kubeti, na wachambuzi wa lugha walioandika kurasa nyingi juu ya mashairi ya mipira hawakuona la kuandika. Ruangwa ikapata klabu yake katika ligi kuu, Namungo, mwaka 2019. Kijana wa pale akaanza kuishangilia kwa mdomo na kuiwekea dau la kushindwa kwa simu, na msemo wa furaha na msemo wa hasara ukawa mmoja. Vyuoni, fedha ya kujikimu ambayo wanafunzi huiita bumu huingia asubuhi, na kabla ya jua kutua sehemu yake imeshatandikwa mkeka. Mwanafunzi huyo anaweza kueleza tofauti ya sitiari na tashbiha. Anaweza kuonyesha jinsi wakoloni walivyotumia maneno kuficha mambo, na hutoa mifano, na hupata alama nzuri. Akiulizwa jioni anafanya nini na simu, husema, “Najaribu bahati.” Mwalimu wake husikia, na hutabasamu.

Lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, na ziko taasisi za uchunguzi, na wapo madaktari wa lugha wanaoweza kukesha juu ya neno la kompyuta mpaka likaeleweka kwa mwanakijiji. Juu ya jambo hili hawana hata kazi ya kubuni. Neno lipo, lina umri kuliko Bunge, na kila mtoto wa Chunyu analifahamu. Liandikwe juu ya leseni, juu ya ubao wa bodi, katika vitabu vya sheria na katika matangazo ya redio. Liandikwe juu ya kioo cha mashine yenyewe, kwa herufi kubwa zisizoshindwa na zile taa, mahali linapoweza kusomwa na mtu aliyeketi ukumbini saa nne za usiku, fedha ya mwaka mzima mfukoni, akingoja harufu ya rangi imtokee chumbani: KAMARI. Akishalisoma, na bado akatia sarafu, ndipo mwenye mashine atakapoweza kusema kuwa mgeni wake amechagua.